Kutoka Bocking hadi Ryton: Historia Fupi ya Jumuiya Yetu

Jumuiya ambayo leo inaitwa Garden Organic, na ambayo sisi wanachama wa zamani hatujazoea kuiita ila kwa jina lake la kwanza, Henry Doubleday Research Association, ilianza mwaka 1954 katika eka moja ya kukodi huko Bocking, jimbo la Essex, nchini Uingereza. Aliyeikodi alikuwa Lawrence Hills, mtunza bustani na mwandishi, ambaye maradhi ya tumbo yalimwandama tangu utotoni, yakamdhoofisha mwili lakini yasiweze kuudhoofisha udadisi wake.

Mwaka uliotangulia alikuwa ametoa kitabu juu ya konfrei ya Kirusi, mmea wa majani mapana yenye manyoya ambao wakulima wa Kenya huuita mabaki, na katika kukitunga alikutana na habari za marehemu Henry Doubleday wa Coggeshall, Mkweka mcha Mungu wa karne ya 19. Mzee huyu, akitafuta ute wa kufanyia gundi ya stempu, aliagiza miche ya konfrei kutoka Urusi katika miaka ya 1870. Gundi haikupatikana, lakini wingi wa majani ulimstaajabisha hata akautumikia mmea ule kwa umri wake wote uliosalia. Alifariki mwaka 1902, na maandishi yake yakapotea. Hills aliona ni dhuluma mtu kama huyo asahauliwe, ndipo akaipa jumuiya jina lake, ikaandikishwa rasmi mwaka 1958.

Katika eka ile alizitenga aina za konfrei moja baada ya moja, akazipa namba. Na Bocking 14 ndiyo iliyopata sifa, kwa kuwa haizai mbegu za kuota ovyo, na majani yake yakivundikwa majini hutoa lishe nyingi ya nyanya na viazi. Lakini hidaya kubwa zaidi ya Hills, kwa maoni yangu, ilikuwa kuamini kwamba kila bustani ya nyuma ya nyumba yaweza kuwa maabara. Wanachama walipewa majaribio ya kufanya, nao wakaleta majibu: wengine walitega makoa kwa bia (si bia yote, naamini, iliyowafikia makoa), wengine wakapanda Tagetes minuta, gugu lile la harufu kali linalojaa nyanda za juu za Afrika Mashariki, ili kupambana na minyoo ya mizizi. Nyumbani, Bibi Cherry, mkewe, mjuzi wa lishe, alimwondolea ngano katika chakula, afya ikamrudia, na jumuiya ikapata nguvu za watu wawili.

Miaka ya 1970 haikuwa myepesi. Wanakemia walileta maneno juu ya sumu ya ini katika konfrei, yakazuka mabishano ambayo hapa si mahali pake. Yatosha kusema kwamba mmea uliendelea kuheshimiwa kama mbolea. Sheria mpya nazo zilikataza kuuza mbegu za mboga zisizoandikishwa katika orodha rasmi, na aina nyingi za kale zikawa hatarini kutoweka. Hills hakunyamaza: mwaka 1975 ilianzishwa maktaba ya mbegu, na kwa kuwa kuuza kulikuwa haramu, mwanachama alipewa mbegu bure kwa haki ya uanachama wake. Kelele zake pia zilisaidia kuanzishwa kwa hazina ya mbegu za mboga huko Wellesbourne mwaka 1980, kwa msaada wa fedha za Oxfam.

Mwaka 1985 jumuiya ilihamia Ryton, karibu na Coventry, chini ya Alan na Jackie Gear, vijana waliokuwa wakifanya kazi Bocking. Mwaka uliofuata milango ikafunguliwa kwa umma. Baadaye kukaja vipindi vya televisheni, ulezi wa Mwanamfalme Charles, msiba wa Hills mwaka 1990, bustani ya Yalding huko Kent, jina jipya mwaka 2005, kisha mabadiliko ya mali na makao ambayo wakati uliyalazimisha. Maktaba ya mbegu ingalipo, na walinzi wake wa kujitolea huzipanda aina za kale katika bustani zao wenyewe, wakavuna, wakakausha, na kurudisha mbegu kwa ajili ya wanachama wa mwaka unaofuata.