Majitu ya Eyasi na Pembe Iliyokwenda Ujerumani

Mwaka 2026 kinatimiza miaka 70 kitabu ambacho watoto wa Karatu hawajakisoma, ingawa hadithi zake zimetoka kwao. Kinaitwa Das Zauberhorn, yaani Pembe ya Uchawi. Kilichapishwa Kassel, Ujerumani, mwaka 1956, na ndani yake mna ngano za Watindiga, jina ambalo majirani waliwapa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi.

Mkusanyaji wake, daktari Ludwig Kohl-Larsen, hakuja Eyasi kwa ajili ya ngano. Alitafuta mifupa ya watu wa kale. Mwaka 1935 alipata vipande vya fuvu kando ya ziwa, na mwaka 1939 kipande cha taya Garusi, huko Laetoli, eneo ambalo leo limo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Alikuwa pia mwanachama wa chama cha Nazi, na hilo lisisahaulike tunapomshukuru kwa kuandika. Taya ilikwenda Ujerumani. Ngano zikafuata njia hiyohiyo.

Na ngano zenyewe si haba. Kwa masimulizi mengine ya Wahadzabe, waliyoyachapisha Daniel Ndagala na N. Zengu, dunia imepitia zama nne. Wa kwanza waliitwa Akakaanebe: majitu yenye manyoya mwili mzima, bila moto, bila upinde, bila nyumba. Usiku walilala chini ya mti. Njaa ikiwashika, walimkazia macho mnyama mpaka akaanguka, amekufa. Hakuna mbio, hakuna mshale! Nyama waliila mbichi. Mtoto aliyewahi kukaziwa macho na bibi yake kwa kudokoa mboga jikoni haoni ajabu yoyote hapo.

Wakaja Xhaaxhaanebe, majitu pia, ila wasio na manyoya, wakaao mapangoni. Moto walikuwa nao, lakini wanyama walikwisha kuwa wajanja, ikabidi wakimbizwe kwa mbwa. Hapo ndipo dawa na hirizi zinapoingia kwenye hadithi, na ngoma ya epeme. Epeme ingalipo: usiku usio na mwezi, mwanamume mmoja hucheza gizani, njuga mguuni, manyoya ya mbuni kichwani, wanawake wakiimba. Humuoni, unamsikia.

Zama ya tatu ililetea watu upinde, chungu na vibanda; ya nne ndiyo hii yetu.

Baadaye Ngorongoro ikapata umaarufu wa mifupa: fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, nyayo za Laetoli mwaka 1978, zenye umri wa miaka milioni 3.6. Makumbusho mapya ya Olduvai yalifunguliwa mwaka 2017, na yanastahili. Majitu wao hawana hata kijitabu cha picha. Mtoto wa Karatu anamjua Harry Potter na ufagio wake. Jitu la kuua nyati kwa jicho, lililoishi mwendo mfupi tu kutoka mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, halijui.

Mimi sijawahi kuona toleo la Kiswahili la Das Zauberhorn. Wapo watakaosema kitabu kitafsiriwe, na sipingi. Ila Kihadzabe kimejaa vidoko, zile sauti za ulimi ambazo herufi za Kijerumani hazikuzibeba, na wasimulizi bado wako Eyasi. Kabla ya kumlipa mtafsiri wa Kijerumani, mtu apande gari la Mang'ola akawasikilize.