Chuo cha Misitu Olmotonyi: Historia Fupi

Chuo cha Misitu Olmotonyi kiko kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu ya mji mdogo wa Ngaramtoni, si mbali na barabara kuu itokayo Arusha kwenda Namanga. Umri wake huhesabiwa tangu 1937, na hivyo ni miongoni mwa vyuo vikongwe vya misitu Afrika Mashariki. Chuo cha Nyabyeya cha Uganda hutaja 1932 kuwa mwaka wake wa kuanza. Kile cha Londiani nchini Kenya kilifunguliwa 1957.

Kwa mwalimu wa misitu, mahali hapa ni vigumu kupata mfano wake. Meru ni volkano yenye kimo cha mita 4,566, na udongo wake wa majivu hushika maji na kuotesha karibu kila kitu kinachopandwa. Masika hunyesha Machi hadi Mei, vuli kuelekea mwisho wa mwaka. Anayepanda mlima hupita kwanza migomba, kahawa na mahindi ya Waarusha na Wameru, kisha huingia ghafla kwenye safu za miti ya kupandwa. Juu yake ni msitu wa asili wenye mitarakwa, mipodo na miloliondo, na mwisho vichaka vya baridi na mawe matupu. Mashamba hukomea pale msitu unapoanzia, bila nafasi katikati. Mpaka huo ndio uliokipa chuo kazi yake, na matatizo yake pia.

Usimamizi wa misitu wa kiserikali haukuanzia milimani. Wajerumani waliuanza pwani mwaka 1898, kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, ambako boriti zilikuwa zikikatwa na kupakiwa majahazini kwenda Uarabuni na Ghuba tangu zamani. Muda si mrefu macho yao yaligeukia bara. Boma la Arusha lilijengwa 1900, na kabla utawala wao haujaisha msitu wa Meru ulikuwa umewekewa mipaka. Wenyeji wakajikuta wamebanwa: juu yao hifadhi ya serikali, chini yao mashamba ya walowezi. Waingereza waliunda Idara ya Misitu mwaka 1921, wakairithi mipaka hiyo pamoja na manung'uniko yake.

Idara ilihitaji watu wa ngazi ya chini na ya kati: wa kusafisha mpaka, kupima magogo, kukagua vibali, kusimamia vitalu na kumkamata aliyekata mti bila ruhusa. Ndiyo kazi ambayo mafunzo ya Olmotonyi yalilenga, na ni wazi kwamba haikumpa bwana misitu marafiki wengi. Ardhi ilikuwa jambo la moto kuzunguka Meru. Mwaka 1951 Wameru walihamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki kuwapisha walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alilifikisha shauri lao Umoja wa Mataifa, New York. Shauri hilo lilihusu malisho na mashamba, si msitu. Lakini katika hali kama hiyo, yeyote aliyevaa sare na kulinda mpaka wa serikali alitazamwa kwa jicho lile lile.

Badiliko kubwa zaidi lililetwa na miti ya kupandwa. Mtarakwa na mloliondo hutoa mbao za thamani lakini hukua polepole mno, na mtu aliyepanda hategemei kuvuna. Misaiprasi na misindano yenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati huvunwa baada ya miaka 25 hadi 30. Serikali ilianza kuipanda kwa wingi kwenye miteremko ya Meru katika miaka ya 1950, na pamoja nayo mikaratusi na migrevilea kutoka Australia. Kazi ya kupanda ilifanywa kwa kiasi kikubwa na wakulima wenyewe. Eneo likishavunwa, hugawiwa vipande. Mkulima hulima mahindi, maharage au viazi, na katikati ya mistari huotesha na kupalilia miche ya serikali. Baada ya miaka michache kivuli hufunga, naye huhamia kipande kingine. Mpango huu huipa serikali palizi bila malipo na humpa mkulima ardhi yenye rutuba asiyoipata nyumbani. Una kasoro moja inayofahamika na kila msimamizi: mkulima hana haraka ya kuona miti ikikua.

Kupanda aina moja eneo kubwa kulikuwa na hatari yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 vidukari vya misaiprasi, vilivyoonekana Malawi mwaka 1986, viliingia Tanzania na kukausha miti mashambani. Wasimamizi wakaegemea zaidi misindano.

Baada ya uhuru Olmotonyi haikubaki peke yake. Shahada ya misitu ilianza kufundishwa Morogoro mwaka 1973, katika kitivo ambacho mwaka 1984 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Chuo cha viwanda vya misitu kilianzishwa Moshi mwaka 1975, kikachukua elimu ya upasuaji na ukaushaji wa mbao. Sokoine nacho kina msitu wake wa mafunzo hapo hapo Olmotonyi, wa takriban hekta 840, unaopanda hadi kiasi cha mita 2,320.

Sera ya Taifa ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu ya 2002 zilivipa vijiji haki ya kumiliki na kusimamia misitu yao. Tangu hapo bwana misitu au bibi misitu anatakiwa ajue kuketi na kamati ya kijiji na kuandaa mpango wa uvunaji, pamoja na kulinda mpaka. Chuo hutoa astashahada na stashahada, na sehemu kubwa ya masomo hufanyika nje ya darasa: kujaza udongo kwenye viriba, kupogolea, kuchagua miti ya kupunguzwa, kupima kipenyo cha shina mita 1.3 kutoka ardhini, na kufyeka njia za kuzuia moto kabla ya kiangazi.