Fundo na Tumbo la Uzi: Asili ya Istilahi Mbili za Elimu ya Sauti

Joseph Sauveur, mwanahisabati wa Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1653, hakujaliwa sauti nzuri wala sikio la muziki. Husimuliwa kuwa hakusema mpaka alipotimiza miaka saba, na katika utafiti wake ilimlazimu kuwategemea wanamuziki wamsikilizie. Hata hivyo ndiye aliyeipa elimu ya sauti istilahi mbili ambazo hazijapata mrithi: fundo na tumbo.

Jaribio aliloliwasilisha mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris mwaka 1701 lilikuwa jepesi. Uzi wa ala ulikazwa, kisha ukaguswa kidogo tu, pasipo kugandamizwa, penye sehemu ya tano ya urefu wake. Vipande vya karatasi vilipachikwa juu yake. Uzi ulipochezwa, vile vilivyokaa penye migawanyo minne vilitulia; vingine viliruka na kuanguka. Uzi uliguswa mahali pamoja, nao ukatulia mahali patatu zaidi! Sababu ni kwamba wimbi likifika mwisho wa uzi hurudi na kukutana na lile linalokuja. Penye fundo mawimbi hayo huuvuta uzi pande mbili kinyume, kwa kiasi kile kile, na uzi hauna pa kwenda.

Sauveur alidhani amegundua jambo jipya, lakini baadhi ya wanachama walikumbuka kuwa John Wallis wa Oxford alikwisha kulichapisha mwaka 1677. Wallis naye hakujidai kuwa mgunduzi, bali aliwataja William Noble na Thomas Pigot, waliotumia karatasi vilevile. Kwa hiyo ugunduzi haukuwa wa Sauveur. Wallis, hata hivyo, alieleza tu mahali uzi unapotulia, wala hakupaachia jina lililodumu. Kilichokuwa cha Sauveur kwa haki ni majina, na pengine si ajabu kuwa mtu asiye na sikio aliita kwa majina ya vitu vionekanavyo.

Franz Melde wa Marburg alipofunga uzi kwenye uma wa sauti, karibu mwaka 1860, karatasi hazikuhitajika tena: matumbo yalionekana kwa macho, na uzani ulioukaza uzi ulipofanywa mara nne, idadi yake ilipungua kwa nusu.

Kwa Kiswahili, fundo la kamba lina kasoro moja, kwamba lina mfungaji. Fundo la mua halina. Limeota lenyewe, tena kwa mpango. Huo ndio mfano ulio karibu zaidi na uzi wa Sauveur. Ingewezekana basi kuita pingili kile kilicho kati ya mafundo mawili, ila pingili hutaja urefu tu. Tumbo hutaja uvimbe, na uvimbe ndio uliozirusha karatasi.