Kalamu na Mwendo wa Pole

Mtaani kuna imani kwamba mshairi wa kweli sharti achakae: sigara, pombe, kukesha, kifua kibovu. Na mpiganaji naye, kama tulivyomwona kwenye kanda za video, ni mtu wa mateke na kelele tu, hana habari na kitabu. Mimi nasema imani zote mbili ni uongo, na historia ya China inanipa ushahidi.

Wachina wana maneno mawili ya zamani: wen, yaani elimu ya maandishi, na wu, yaani elimu ya vita. Aliyesifiwa ni yule aliyeyabeba yote mawili. Katika karne ya 19, huko Yongnian, jimbo la Hebei, msomi Wu Yuxiang alijifunza taichi kwa Yang Luchan. Baadaye yeye na mpwa wake Li Yiyu waliandika kanuni za mchezo ule, na wachezaji wanazisoma hadi leo. Kumbe mwili ulihitaji kalamu!

Halafu akaja Zheng Manqing, aliyezaliwa Wenzhou mwaka 1902. Huyu alikuwa mshairi, mchoraji, mwandishi wa hati kwa brashi, tabibu na mchezaji taichi. Ndiyo maana wakamwita bingwa wa fani tano. Akiwa bado kijana alishikwa na kifua kikuu. Siku zile si mchezo, kwani streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943 tu. Akajishikiza kwenye taichi chini ya Yang Chengfu, mjukuu wa yule Luchan, na mwenyewe alisimulia kwamba ilimrudishia nguvu. (Wewe ukikohoa, nenda hospitali!) Mwaka 1934 mwalimu wake alipotoa kitabu, Zheng aliandika dibaji. Mwaka 1949 alihamia Taiwan, na tangu 1964 akafundisha New York mfululizo wa mikao 37 alioufupisha mwenyewe. Alifariki mwaka 1975.

Sasa, hizi fani zinakutania wapi? Katika taichi huinui mguu kabla uzito haujahamia wote kwenye mguu wa pili. Bega linashuka, pumzi inakwenda tumboni, nguvu inatoka kiunoni. Na brashi vilevile: mkono hauna haraka, kwa sababu wino ukishagusa karatasi haufutiki. Lazima moyo utulie kwanza, ndipo mkono uende.

Sidai kwamba taichi itakupa kipaji. Itakupa kitu kingine: uwezo wa kukaa na sentensi ngumu bila kuikimbia, na mwili wa kuandikia hata ukiwa mzee. Hebu jaribu, ndugu mwandishi: simama dakika kumi, hamisha uzito taratibu, vuta pumzi, kisha ndiyo ukae mezani. Wahenga wetu hawakufika Hebei, lakini walishasema mwenda pole hajikwai.