Manyatta ya TB ya Wajir yatimiza nusu karne, nani anaikumbuka?

Julai 1, 2025, shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifunga rasmi shughuli zake. Hapa Kenya lilikuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa vita dhidi ya kifua kikuu, na tangu hapo swali ni lile lile: nani atalipia vipimo, na nani atamlipia mhudumu wa afya nauli ya kumfuata mgonjwa aliyehama na mifugo? Swali hilo limekuja wakati ambapo Kaskazini Mashariki ingepaswa kutembea kifua mbele. Mwaka 1976, miaka 50 iliyopita, mjini Wajir ulianzishwa mradi wa kuwatibu TB wafugaji wa kuhamahama, na yaliyojaribiwa pale yanafanana sana na yale ambayo dunia nzima ilikuja kuyafuata.

Hali ya wakati ule ilikuwa ngumu. Vita vya Shifta, vya kutaka kujitenga na Kenya, vilikuwa vimekwisha mwaka 1967, lakini mkoa huu wa Kaskazini Mashariki ulibaki chini ya sheria za hali ya hatari hadi 1991. Mfugaji wa Griftu, nje ya mji wa Wajir, aliyeanza kukohoa damu alilazimika kufika hospitali ya Wajir, na huko akaambiwa matibabu ni ya mwaka mmoja au mwaka na nusu. Baada ya majuma machache ya sindano na vidonge homa inashuka, hamu ya chakula inarudi, anajiona mzima. Kisha zinakuja habari kwamba mvua imenyesha mahali fulani. Ngamia hawamsubiri mgonjwa. Familia inang'oa kibanda, inakipakia, inaondoka, naye anaondoka nayo akiwa amepona nusu, na vijidudu vilivyobaki kifuani vimekwisha kuizoea dawa.

Juu ya hayo kulikuwa na aibu. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyeuendesha mradi huo na ambaye ushuhuda wake alioutoa Vatican Desemba 2001 ndio ninaoufuata zaidi katika makala haya, alieleza kwamba wengi waliuona ugonjwa huu kama adhabu ya Mungu kwa dhambi ya wazi au ya siri. Mtu alikuwa tayari kufa kuliko kukiri kwamba anao.

Tonelli hakuwa daktari. Alizaliwa Forlì, Italia, mwaka 1943, akasomea sheria, akaja Kenya mwaka 1969 kama mwalimu. Mwaka uliofuata alihamia Wajir, akaishi na kuwalea watoto waliolemazwa na polio, akisaidiwa na kamati ya watu wa mji wake ya kupambana na njaa duniani. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipotaka mradi wa majaribio wa kutibu TB kwa wahamaji, yeye ndiye aliyekabidhiwa kazi.

Dawa zenyewe zilikuwa na historia yao ya ushirikiano. Kuanzia mwaka 1970 madaktari wa Afrika Mashariki na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza walifanya majaribio ya pamoja, wakathibitisha kwamba rifampisini ikiunganishwa na dawa nyingine inaweza kumponya mgonjwa kwa miezi sita. Wagonjwa wa hospitali zetu ndio waliojitolea miili yao kwa jaribio hilo. Hili halisemwi vya kutosha, na wanaoandika historia ya misaada hupenda kuonyesha kana kwamba kila kitu kilishuka na ndege.

Hata hivyo, miezi sita nayo ni mirefu kwa mtu mwenye ngamia. Hapo ndipo Wajir ilipotoa mchango wake. Badala ya kumlaza mfugaji wodini, walimwambia aje na nyumba yake. Pembezoni mwa mji, mbele ya kituo cha watoto walemavu, palikuwa na uwanja mtupu wa mchanga. Wagonjwa walisimamisha pale vibanda vyao wenyewe, vile vile vya fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka wanavyohama navyo siku zote. Mama alikuwa na jiko lake, na jamaa walimtembelea bila kuomba ruhusa ya mlinzi wa lango. Asubuhi vidonge vilitolewa mkononi na kumezwa hapo hapo, mhudumu akiona. Hakuna aliyepewa karatasi ya dawa akaambiwa aende zake. Watu wakauita uwanja huo TB Manyatta, na ile aibu ikaanza kupungua, kwa sababu waliopona walirudi malishoni wanene, wakionekana na kila mtu.

Haki itendeke kwa wengine pia. Kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa kulikuwa kumejaribiwa Madras, India, kabla ya hapo, na daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, ndiye aliyejenga nchini Tanzania mpango wa taifa uliokuja kuwa kielelezo cha WHO. Mkakati wa WHO wa tiba fupi inayosimamiwa, DOTS, ulipotangazwa katika miaka ya 1990, ulikuwa na baba wengi. Lakini kumtibu mtu asiye na anwani, bila kumnyang'anya nyumba yake, ni somo ambalo Wajir ililifundisha mapema, na manyatta za aina hiyo zilifuata katika miji mingine ya kaskazini.

 

Ushirikiano wa Tonelli na serikali ulivunjika kwa jambo lisilohusu dawa. Februari 10, 1984, wanajeshi walianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia, ambao ndio wakazi wengi wa upande wa Griftu, na kuwapeleka katika uwanja wa ndege wa Wagalla, magharibi mwa mji wa Wajir. Walivuliwa nguo, wakazuiliwa siku kadhaa juani bila chakula wala maji. Waliojaribu kutoroka walipigwa risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilikadiria karibu watu elfu moja, na manusura wanataja idadi kubwa zaidi ya hapo.

Tonelli alichukua gari, maji na dawa, akaenda kuwaokota waliokuwa hai porini na kuwazika waliokufa. Majina aliyoyakusanya yalifika kwa wanadiplomasia jijini Nairobi, na kwa njia hiyo dunia ikajua. Mwaka 1985 alitakiwa kuondoka nchini. Mtu aliyeaminiwa kuhesabu vidonge hakuruhusiwa kuhesabu maiti, na hadi leo sijaona sababu ya kuuita uamuzi ule jina lingine isipokuwa dhuluma. Alivuka kwenda Somalia, akaendelea na kazi ile ile hadi Borama, ambako aliuawa kwa risasi Oktoba 5, 2003, miezi michache baada ya kutangazwa mshindi wa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa.

Baada yake matibabu yaliendelea. Uholanzi iliusaidia mpango wa taifa wa TB na ukoma kwa miaka mingi, kisha ukaja Mfuko wa Dunia, kisha ugatuzi wa 2013 ukaikabidhi kaunti huduma za afya. Mwaka 2015 Kenya iliungana na mataifa mengine kuahidi kwamba janga la kifua kikuu litakwisha ifikapo 2030.

Imebaki miaka minne. Huko Abuja mwaka 2001 viongozi wa Afrika, wetu akiwemo, waliahidi kuitengea afya asilimia 15 ya bajeti, na ahadi hiyo haijatimizwa. Katika mradi wa 1976 wageni walileta dawa na fedha, serikali ikatoa hospitali, na wafugaji wakaleta nyumba zao na subira ya miezi sita. Mgeni mmoja sasa ameondoka. Bunge la Kaunti ya Wajir linapopitisha makadirio yake, wananchi wa Griftu, Eldas na Habaswein wana haki ya kuuliza ni shilingi ngapi zimeandikwa kwa ajili ya mhudumu atakayemfuata mgonjwa hadi kwenye ngamia wake, na zimeandikwa ukurasa gani.