Kutoka Awaara hadi Kibanda Umiza: Historia ya Mapenzi ya Filamu za Kigeni

Mapenzi ya Watanzania kwa filamu za kigeni, yaani yale ya mtu kuutazama mkanda mmoja hadi akalijua kila tukio kabla halijafika, yana historia ndefu kuliko wanavyodhani wengi wanaoyaona leo katika vibanda vya video vya Nachingwea na Ruangwa. Chimbuko lake ni majumba ya sinema ya pwani, likiwamo la Royal lililofunguliwa Unguja mwaka 1921 na mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla, na kilele chake cha awali kilifikiwa miaka ya 1950, filamu za Kihindi zilipoteka mioyo ya watazamaji.

Iliyopendwa kupita kiasi ni Awaara ya mwaka 1951, iliyoongozwa na Raj Kapoor, ambaye pia ndiye stelingi, yaani mhusika mkuu, akiigiza pamoja na Nargis. Kisa chake kinamhusu hakimu anayeamini kuwa mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi. Anamfukuza mkewe mjamzito aliyewahi kutekwa na jambazi, mtoto analelewa katika wizi na jambazi yuleyule, na hatimaye anashtakiwa kwa kutaka kumuua baba yake mzazi, huku akitetewa na mpenzi wake, mwanasheria Rita. Umoja wa Kisovieti nao uliipokea kwa shangwe, ikatazamwa na watu zaidi ya milioni 60. Hata hivyo, katika jamii ya pwani, ambako ndoa ilipimwa kwa nasaba, swali la kama tabia hurithiwa au hufunzwa liligusa kila nyumba.

Wengi wa watazamaji hao hawakujua Kihindi, hivyo kuielewa filamu kukawa kazi ya pamoja: aliyekwisha kuiona alimweleza aliyeketi kando yake, wanawake walijumuika katika maonyesho ya zanana, yaani yaliyotengwa kwa ajili yao tu, na mjadala ukaendelea barazani. Filamu hizo ziligusa hata muziki: Juma Bhalo wa Mombasa alisifika kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya Kihindi, kazi ambayo si haki kuiita uigaji mtupu, kwa maana kuoanisha mizani na vina vya Kiswahili na muziki wa ugenini kunahitaji ustadi mkubwa.

Televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara, ambako matangazo yalianza mwaka 1994, na video ndiyo iliyozipeleka filamu mbali na majumba ya sinema. Hapo kikazuka kibanda umiza, chumba kidogo chenye joto ambamo watazamaji hubanana kwenye mabenchi mbele ya skrini moja kwa kiingilio kidogo, na pamoja nacho akazuka mtafsiri. Huyu hurekodi sauti yake juu ya filamu: mazungumzo ya asili yanafifia, naye anasimulia, anamwonya stelingi juu ya adui aliyejibanza nyuma ya mlango, kisha anapachika utani wa mtaani. Derek Gaspar Mukandala wa Dar es Salaam, maarufu kwa jina la Lufufu, aliisimulia hivyo hata Titanic ya James Cameron ya mwaka 1997. Mtafsiri huyu ni mrithi halali wa yule mtazamaji aliyemweleza jirani yake Awaara, na anastahili nafasi katika historia ya fasihi simulizi ya Kiswahili, kwa kuwa mashabiki wake huchagua muvi kwa kuuliza kwanza imetafsiriwa na nani.