Tarehe ya Koti la Vipande Mwanza

Kabla reli ya Mombasa haijafika Kisumu mwezi Desemba 1901, nguo iliyovaliwa kusini mwa Ziwa Victoria ilikuja kwa miguu. Merikani na kaniki zilifungwa mizigo huko Bagamoyo, wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma wakazibeba hadi Tabora, kisha zikapanda kaskazini mpaka ziwani. Zilikuwa nguo za kujifunga, hazikumhitaji mshonaji. Ng'ambo ya magharibi, kwa Wahaya na Waganda, ilikuwapo nguo ya gome la mti, iliyogongwa kwa nyundo za mbao mpaka ikalainika. Hiyo iliujua ushonaji wa kiraka mapema, maana gome likitoboka liliwekewa kipande cha gome jingine na kushonwa kwa mkono.

Reli ilipogusa ziwa, meli zikaunganisha bandari zake, na Mwanza, boma la Wajerumani tangu 1892, ikaanza kupokea majora ya Mombasa bila kungoja msafara. Alidina Visram, tajiri wa Kihindi aliyefariki 1916, alikuwa ameeneza maduka kuanzia pwani hadi Uganda, na wenzake wakafuata nyayo hizo. Hapo ndipo ilipozaliwa desturi tunayoiona mpaka leo: mwenye duka anauza kitambaa ndani, fundi amekaa barazani na cherehani yake, unapimwa papo hapo. Baraza hiyo ndiyo iliyokuwa chuo cha ufundi. Kijana alianza kwa kufagia vipande, akapewa pasi ya mkaa, akapewa vifungo, na siku moja akakalishwa kwenye pedeli.

Pamba ikaja kuubeba mji. Reli ya Tabora ilifika Mwanza 1928. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru kikazalisha mbegu ambazo majina yake yanaanza na herufi UK hadi sasa. Mwaka 1955 vyama vya wakulima vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa kinara wake, na shirikisho hilo likawa miongoni mwa makubwa kabisa barani Afrika. Kiwanda cha nguo cha Mwatex kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Hata timu ya mpira ikaitwa Pamba.

Halafu ukaja uhaba. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nguo zilikuwa za foleni, na aliyepata doti ya khanga alimshukuru Mungu. Sura hii ya tarehe ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, kwa sababu ndipo mafundi wetu walipoonyesha walichonacho. Kola iliyochakaa ilifumuliwa, ikageuzwa upande wa ndani ukawa nje, ikashonwa tena. Suruali ya baba ilikatwa ikawa kaptula ya mtoto, na masalia yake yakawa mfuko. Vipande havikutupwa, vilifungwa kwenye kiroba chini ya meza. Mitumba iliporuhusiwa kuingia kwa wingi katikati ya miaka ya 1980, watu walivaa wakajisitiri, lakini kazi ya koti ikaanza kutoweka mikononi mwa fundi. Soko la Mlango Mmoja likajaa makoti ya Ulaya, na Mwatex ikadhoofika.

Koti la vipande limetoka kwenye kiroba kile. Anayelihitaji yupo: mvuvi wa dagaa anayekesha na taa ziwani usiku wa giza, na bodaboda anayeamka kabla ya jua. Kwa vijana wa mjini, nalo ni pambo.

Hushonwa hivi. Fundi anakata mgongo, vifua viwili na mikono kwa kitambaa cha chini, akiacha nafasi kidogo pembeni, kwa kuwa mishono mingi huvuta nguo ikapungua. Juu yake anatandaza blanketi jepesi. Vitenge vimeshafuliwa, visije vikachuja kwenye koti lililokamilika, na vimekatwa kuwa vipande virefu vya upana wa vidole vitatu. Kipande cha kwanza hukaa katikati, uso juu. Cha pili hulazwa juu yake uso chini, ukingo kwa ukingo, na sindano hupita tabaka zote kwa mpigo. Kisha hufunuliwa, hupigwa pasi, kikaja cha tatu. Mshono uleule unaounganisha vitenge ndio unaoshika blanketi lisitembee. Akichanganya jinzi, fundi hubadilisha sindano, akaweka namba 16, la sivyo itakatika kwenye makutano. Mwisho ni bitana, zipu na kola. Anayejua kazi hupanga vipande vya vifua viwili vitazamane sawasawa zipu ikifungwa. Hapo ndipo utamtambua fundi.

Kinachoniuma ni tabaka la katikati. Mkoa wa Mwanza na jirani zake ndiyo inayotoa karibu pamba yote ya Tanzania, sehemu kubwa husafirishwa nje kama pamba nyuzi, na sisi tunajaza makoti kwa mablanketi ya sufu ya plastiki kutoka ng'ambo. Pamba yetu ingefaa mno hapa. Shida yake ni kwamba ikiachwa wazi hujikusanya mabonge baada ya kufuliwa, na dawa ya mabonge ni mishono iliyokaribiana, ambayo koti la vipande linayo tayari. Itandazwe katikati ya shashi mbili, ishonwe, na haitakwenda popote. Lakini mchambuaji huuza robota, kilo 180 hivi kwa moja, na koti halimalizi hata kilo. Msimu ukifunguliwa, angetokea mwenye jineri mmoja akafungua robota na kuwapimia mafundi kwa mizani ya sokoni.